Meli za Gesi na Mtungi wa Mjomba

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Baridi ya Agosti. Mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi, na hapa mjini yanadondoka manyunyu yasiyotosha hata kulowesha nguo kwenye kamba.

Nianze na lile ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: mpaka leo asubuhi nilikuwa sijawahi kuwasha jiko la gesi. Nina miaka kumi na tisa. Jiko la gesi tunalo nyumbani tangu niko kidato cha pili. Kila siku nimekuwa na sababu: mara mikono ina maji, mara nakuna nazi, mara "Mama niwashie, nakuja." Mama akisafiri napika kwa mkaa, halafu nasema maharage ya mkaa yana ladha zaidi.

Naogopa gesi.

Na mimi huyuhuyu ndiye niliyeomba kwenda kusomea uhandisi wa meli, nikaandika kwenye barua ya maombi, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, kwamba ninataka kufanya kazi kwenye meli zinazoendeshwa kwa gesi asilia iliyogeuzwa kuwa kimiminika.

Cheka tu. Mimi mwenyewe leo nacheka. Leo nina furaha mpaka vidole vinakosea herufi.

Woga wangu ulianzia kwa jirani yetu hapa Kihonda. Mtungi wake ulivuja taratibu jikoni, mlango na dirisha vimefungwa, na alipowasha kibiriti tulisikia mlio kama mtu amepiga bati kwa rungu. Jirani alipona. Nyusi zake ziliota upya. Mimi ndiye ambaye sikupona. Nikaanza kusoma habari za gesi kwenye simu, bando likiruhusu, ili nijue kwa nini ilifanya vile. Nikajifunza kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikitoka haipai, inatambaa sakafuni na kujaa chini kama maji yaliyomwagika. Kutoka hapo nikafika kwenye gesi asilia, hii inayochimbwa kusini kwetu, ambayo yenyewe ni nyepesi. Kutoka hapo nikaangukia kwenye meli.

Sikutoka tena.

Nikueleze, maana darasani nilikuwa sinyooshi mkono na sasa nina mahali pangu pa kusema, hapa mtandaoni. Ukiipoza gesi asilia mpaka nyuzi mia moja sitini na mbili chini ya sifuri, inakuwa maji. Maji maangavu, yasiyo na rangi wala harufu. Na inasinyaa karibu mara mia sita. Nimepiga hesabu: gesi ya kujaza chumba changu chote, kuanzia sakafuni hadi kwenye dari, ingeingia kwenye ndoo mbili na nusu. Ndiyo maana meli inaweza kubeba ya kutosha kuvuka bahari. Inaikalisha ndani ya tangi lenye kuta mbili, baridi isitoroke. Pamoja na hayo kuna kidogo kinachochemka na kugeuka mvuke, kila saa, upende usipende. Meli haiutupi mvuke huo. Inaupeleka kwenye injini na kuuchoma. Kwenye injini nyingi za aina hiyo linaingizwa tone dogo la dizeli ili liwe kama njiti ya kibiriti, gesi ishike moto, na meli kubwa kama mtaa mzima inasogea.

Nilipolielewa hilo la mvuke nilisimama kitandani. Kweli. Nilisimama.

Sasa jambo la leo.

Jumanne ilikuja barua ya chuo cha mabaharia Dar es Salaam. Nimepata nafasi. Pamoja na barua kulikuwa na fomu yenye sehemu ya kusaini mzazi au mlezi. Baba anafanya kazi kiwanda cha sukari na Jumatano alikuwa na mapumziko, akaja nyumbani, akasoma barua akiwa amesimama, akasaini kwenye boksi zima mpaka mkia wa saini ukatoka nje ya mstari. Kisha akakaa na simu. Alimpigia kila mtu anayemjua. "Binti yangu anakwenda kuwa injinia wa meli!" Nilijificha chooni kwa aibu, nikawa nasikia kila neno na kutabasamu peke yangu.

Baba ni Msukuma. Kwao baba akishasema, limekwisha. Lakini sisi kwa Mama ni Waluguru, na watoto ni wa ukoo wa mama. Jambo la mtoto linaanzia kwa mjomba, kaka mkubwa wa mama. Baba ameishi na Mama miaka ishirini na mbili na bado anasahau.

"Shida iko wapi?" Baba aliuliza alipoona Mama hashangilii.

"Shida iko Nyandira," Mama alisema.

Nyandira ni kwao, juu Mgeta, na ndiko anakoishi Mjomba. Mama akaongeza, kwa ile sauti yake ya chini ambayo haina mjadala, kwamba Mjomba akisema hapana, mimi siendi. Yeye mwenyewe hatashona sare, hatanifungia sanduku. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema leo ni Jumatano.

Kwa hiyo leo tumepanda mlimani, mimi na Mama.

Mjomba analima kabichi na njegere kwenye matuta yanayoning'inia ukingoni mwa mlima. Tulimkuta sebuleni, koti limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba."

Basi. Hakuongeza "hujambo mpwa wangu", hakuuliza za mjini. Mama akakaa. Mimi nikakaa. Chupa ya chai ilikuwa mezani na hakuna aliyeigusa.

"Dada," Mjomba akamwambia Mama, hakuniangalia, "habari za mpwa wangu nimezisikia sokoni. Napima njegere. Nimeambiwa na mtani."

Mama akainamisha kichwa; simu za Baba zilikuwa zimetangulia kufika. Mimi nilitamani kuingia kwenye gunia la njegere hizo.

Na kama vile ameitwa, mtani mwenyewe akaingia bila hodi. Bi Sikudhani. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu zamani, kwa hiyo ana ruhusa ya kusema lolote na Mjomba hana ruhusa ya kukasirika.

"Nimekuja kumwona baharia!" alisema. "Yuko wapi? Huyu? Mbona hana hata mapezi?"

Mama akacheka kidogo. Mjomba hakucheka.

"Zuhura," hatimaye aliniita. "Wewe ndiye binti mkubwa wa dada yangu. Shamba la bibi yako litakuja kushikwa na nani? Litashikwa na samaki?"

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Hilo ndilo tatizo langu maisha yote. Maneno ninayo, yamejipanga, yananisubiri, lakini mbele ya watu hayatoki. Shuleni niliwahi kujua jibu la swali zima la fizikia na nikakaa kimya mpaka mwenzangu akalikosea.

"Sema," Mjomba alisema. "Na uongeze sauti, hapa si msibani."

Nikasema shamba nitalishika, mabaharia hurudi nyumbani. Akaniuliza hiyo meli inatumia nini. Nikasema gesi. Hapo uso wake ukabadilika kabisa.

"Gesi! Unataka kwenda kulala juu ya mtungi, katikati ya maji, pasipo hata pa kukimbilia?"

"Mtungi wake mwenyewe hata kulala chumba kimoja nao hawezi," Bi Sikudhani alidakia. "Huo hapo! Uangalieni! Miezi minne umekaa ndani kama mwali, hata ngoma haujapigiwa!"

Nikageuka. Kwenye kona ya sebule ulikuwepo mtungi wa gesi, mpya kabisa, umefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, na juu ya kitambaa kuna redio. Pembeni, jiko la plate mbili bado na nailoni yake. Binti yake Mjomba aliwaletea kutoka Dodoma ili mama yake apumzike na kuni. Mjomba aliuunganisha mwenyewe, akaufunika, na tangu hapo hakuna aliyethubutu.

Nilifarijika mno. Kumbe tuko wengi.

Kwa sababu ya ile faraja, ulimi ukalegea. Nikavuta chupa ya chai karibu, nikamwambia Mjomba kwamba tangi la meli liko hivi: kuta mbili, na katikati pametolewa hewa, ili baridi ya ndani isikutane na joto la nje. Nikamwambia kwamba gesi ya meli si hii ya mtungi. Hii imegandamizwa kwa nguvu, ile imepozwa. Hii ikitoka inalala chini, ile ikishapata joto inapaa. Nikasema ile ya meli haina harufu, kwa hiyo meli imejaa vifaa vinavyoinusa badala ya watu. Nikawa nasikia sauti yangu mwenyewe na kushangaa ni ya nani.

Mjomba alisikiliza. Anasikiliza vizuri, nimegundua, ukiacha kumwogopa. Kisha akauliza swali ambalo hata kwenye maombi ya chuo sikuulizwa.

"Na moshi? Sisi hapa mvua zimeshatuchanganya. Hatujui tena lini tupande. Hiyo gesi yako haichangii?"

Ningeweza kusema haichangii. Nilitaka sana kusema hivyo. Lakini si kweli.

Nikamwambia inapunguza. Ule weusi wa masizi na ule moshi unaokereketa kifua wa mafuta mazito ya meli, hivyo karibu vyote vinaondoka. Hewa ya ukaa inapungua kiasi. Lakini gesi yenyewe ikivuja kabla ya kuungua, ikapanda juu mbichi, inapasha dunia joto kuliko huo moshi, na kuna injini zinazoipitisha kidogo bila kuichoma. Nikasema hiyo ndiyo kazi ninayoitaka, Mjomba. Kukaa pale na kuhakikisha haitoki.

Nje kuku walikuwa wanagombana.

"Haya," Mjomba alisema. Akaondoa redio, akaondoa kitambaa. "Washa huu."

Nilirudisha kiti nyuma.

Ninyi hamjui. Pale walikuwa wanamwona msichana aliyesoma, aliyepata chuo, anaambiwa awashe jiko kama mtoto anavyoambiwa alete kijiko. Na mimi nilikuwa naona nyusi za jirani.

Nikasema kwanza utolewe nje. Hiyo haikuwa mbinu ya kupoteza muda, au labda nusu ilikuwa. Nikaeleza kwamba ikiwa kuna inayovuja, hapa ndani italala sakafuni. Mjomba na Mama wakaubeba pamoja na jiko lake mpaka barazani, na Bi Sikudhani akapiga vigelegele njia nzima. "Mwali katoka! Mwali katoka nje leo! Leteni zawadi!" Majirani wawili walisimama kwenye matuta kutazama.

Nikaomba sabuni ya unga na maji kwenye kikombe. Nikakoroga mpaka povu likasimama. Nikalipaka kwa vidole pale mpira unapoingia kwenye regyuleta, kichwani mwa mtungi, na pale unapoingia kwenye jiko. Kisha nikafungua koki kidogo sana.

Upande wa regyuleta, hakuna kitu. Upande wa jiko, povu likaanza kutuna. Puto moja. Mbili. Zikawa zinazaliwa na kupasuka, zinazaliwa na kupasuka, na harufu ikafika puani.

Nikafunga.

"Siwashi, Mjomba."

Sikuwahi kumwambia mtu mzima neno hilo. Kinywani lilikuwa geni, kama jino jipya.

"Baharia mwoga!" Bi Sikudhani alipiga makofi. "Meli haijaondoka bandarini, nahodha kashakimbia!"

Mama alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniuma. Niliona wazi jambo langu linavyokwisha: nitashuka mlimani, Mama atairudisha ile fomu kwenye bahasha, Baba atasema sana na hakitabadilika kitu. Ningeweza kujaribu. Pengine uvujaji ule barazani, penye upepo, usingetudhuru. Pengine. Lakini povu nililiona kwa macho yangu.

"Siwashi," nikarudia. "Njoo uone."

Mjomba akaja, akachuchumaa. Ana magoti mabovu, ilimchukua muda. Nikapaka povu upya, nikafungua, akaona yale maputo. Aliyatazama muda mrefu, kama anavyotazama majani ya kabichi kutafuta wadudu. Ni yeye aliyeuunga ule mpira. Alijua na mimi nilijua na wote pale walijua.

Akanyanyuka, akaingia ndani, akakaa huko mpaka nikadhani amekasirika na mazungumzo yamekwisha. Akarudi na bisibisi.

"Klipu sikuikaza," alisema. "Nilidhani imekaza."

Akaikaza. Nikapaka povu mara ya tatu. Tukainama wote wanne, hata Bi Sikudhani, vichwa vimekaribia kugusana, tukilitazama povu la sabuni kama watu wanaosubiri mwezi uandame.

Likatulia. Halikutuna.

Mjomba akanipa kibiriti.

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilizimwa na upepo. Ya tatu nikaishika mbali, nikafungua jiko, na ikatokea pete ya bluu. Kimya kabisa. Vijimoto vidogo vimejipanga duara, safi, havina hata ncha ya njano. Nilivitazama nikasahau kuna watu. Nilikuwa nawaza tu kwamba kule chini ndani ya meli, kwenye silinda ambazo mtu anaweza kuingia akiwa amesimama, kuna moto kama huu, na kuna mtu anayeujua kwa sauti yake.

"Mtani, umepona," Bi Sikudhani alimwambia Mjomba, safari hii bila kupaza sauti. "Ungewasha mwenyewe siku moja, tungekuja kula wali wa matanga yako."

Chai ikabandikwa kwenye gesi kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Bi Sikudhani akanywa vikombe viwili, akasema ina ladha ya Dodoma, akaenda zake sokoni kutuuza kwa kila mtu.

Tulipobaki watatu, Mjomba akanyoosha mkono.

"Hiyo karatasi."

Nikampa fomu. Aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, kidole kikifuata mstari. Akaifikia saini ya Baba inayomwagika nje ya boksi. Akaitazama. Akageuza nyuma, akageuza tena mbele.

"Mjomba anasaini wapi?"

Nikamweleza kwamba haipo. Fomu haina nafasi ya mjomba. Ni mzazi au mlezi tu.

"Wameitengeneza watu gani hii?" aliuliza, ameshangaa kweli.

Akaomba kalamu. Nilitaka kusema usiandike pembeni, Mjomba, watasema fomu imechafuka, wataikataa, nimesubiri miaka. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Mjomba akaandika kwenye ukingo mweupe, kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama nguzo za uzio: MJOMBA WAKE, KWA MAMA, AMERIDHIA. Kisha jina lake. Kisha, baada ya kufikiri, jina la ukoo.

Mama alilia. Alijifanya ni moshi, wakati chai ilichemshwa kwa gesi.

Mimi sikulia. Mimi nilikuwa nahesabu wiki. Zimebaki tano. Baada ya wiki tano nitakuwa nimevaa ovaroli, na mtu atanionyesha kwa mkono, hii ni pampu, hii ni valvu, na nitanyoosha mkono na kuuliza. Nitauliza, nakuahidi. Fomu nitaipeleka ilivyo. Wakihoji maandishi ya pembeni nitawaeleza Waluguru ni watu gani, kwa sauti, hata kama kuna foleni nyuma yangu.

Lakini kuna sharti, na ndilo linaloniwasha ulimi sasa hivi. Wakati tunaaga, Mjomba alinishika bega.

"Jumapili ijayo ukoo unakutana hapa. Jambo hili nitalisema mimi, nimesimama, wote wakiwepo. Mara ya kwanza limenipita. Mara hii lisinipite. Mpaka siku hiyo, hamjasikia kitu kwangu. Hata baba yako asijue."

Hata Baba! Amepiga simu mara tatu tangu turudi. Mara ya tatu nimepokea mimi. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mjomba wako amesemaje, mama?" Nikamwambia njegere za mwaka huu ni nzuri, na huko juu kuna baridi sana.

Siku nane. Nimebeba jambo kubwa kuliko mwili wangu na siruhusiwi kulitua popote, ndiyo maana nimelitua hapa. Basi wewe uliyesoma mpaka mwisho, ukipanda Mgeta wiki hii kufuata mboga, na Bi Sikudhani akakuuliza yule baharia alikubaliwa au alikataliwa, sema hujui. Akikutania, vumilia. Na ukikutana na Msukuma mmoja wa kiwanda cha sukari anayetembea na simu mkononi, mwenye uso wa mtu anayesubiri, msalimie vizuri, umpite.

Usimwambie.